Mama, Mkwewe na Sayari ya Moto

Mama yangu hakupenda niolewe na Mbarbaig. Sisi ni Wairaqw wa Daudi, wakulima, na tangu utoto wake mama alifundishwa kuwaogopa wafugaji wa tambarare za Hanang. Baba ndiye aliyekubali. Nikaolewa, nikahamia Masakta ambako mume wangu alikuwa anafundisha fizikia, na mama hakukanyaga kwangu mpaka nilipojifungua.

Alikuja wakati wa kiangazi. Alikuwa amezoea ubaridi wa Daudi, na nyumba yetu ya bati ilimtesa kwa joto. Alimwogesha mtoto, alinipikia uji, lakini kwa mkwewe hakuwa na neno zaidi ya salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Basi. Mume wangu akaanza kubaki shuleni hata kazi ikiisha, ili asimkere.

Jumapili moja mchana tulikuwa tumekaa wote barazani, mtoto amelala mapajani mwa mama. Redio, moja ya hizi stesheni za watu binafsi, ikasema wataalamu wameona sayari ya mwamba iliyo karibu sana na jua lake, kiasi kwamba huenda mawe yake yanayeyuka.

Mama akajipepea na khanga. "Hao wanaongelea Masakta."

Mume wangu alicheka kabla hajajizuia. Mama akamgeukia. "Wewe si mwalimu? Ni kweli hayo?"

"Inawezekana, mama. Upande mmoja unatazama jua muda wote, hauoni usiku. Mawe yanachemka mpaka yanakuwa mvuke. Mvuke ukienda upande wa giza unapoa, labda unanyesha mvua ya mawe."

"Hiyo hata Daudi tunayo. Mwaka juzi ilimaliza maharage yangu yote."

"Hapana, mama. Siyo barafu. Mawe yenyewe, haya ya kujengea msingi."

Mama alimtazama, kisha akatazama bati juu yetu. "Sasa huko wanaezeka na nini?"

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Mama alikuwa anafuta machozi kwa khanga, na mimi nilikuwa nalia kweli, maana sikuwahi kuwaona wakicheka pamoja. Akaendelea kumuuliza: kuna maji? Ng'ombe wangekunywa wapi? Mume wangu alijibu kila swali taratibu, na pale asipojua alisema hajui. Nadhani hilo ndilo mama alilipenda. Nikaingia ndani kunyonyesha, nikawaacha wakiongea.

Toka siku hiyo mume wangu alirudi nyumbani mapema, na alikuta mama ameshammiminia chai.

Mvua zilipokaribia, mama alitaka kwenda kupanda mahindi yake. Nilidhani atapanda basi peke yake. Mume wangu alimsindikiza mpaka Daudi, akabaki huko wiki nzima akilima naye. Majirani walipouliza huyu kijana mrefu ni nani, mama aliwajibu kwa Kiiraqw bila kuacha jembe, "Ni mtoto wangu."