Mguu wa Munyao na Sala za Mzee Wathome

Mwaka ule wa tisini na nne, Munyao, mchongaji wa mtaa wa Ziwani, aliogopa kitu kimoja tu: kuingia kanisani kwa kiti cha magurudumu siku ya harusi ya bintiye, Muthoki. Gogo la mpingo lilikuwa limemwangukia likamvunja muundi wa kulia, na harusi ilikuwa imebakiza wiki tisa. "Nitampeleka madhabahuni kwa miguu yangu," aliapa, "ama msiniite baba."

Muuguzi Roseline alimweleza waziwazi kwamba misuli isiyopewa kazi huisha upesi kuliko sabuni. "Asubuhi na jioni, dakika tano tu. Kaza paja, inua mguu na plasta yake mara kumi. Kisha ule mwingine. Utashangaa."

Lakini ngoja umjue Ndunge, mkewe! "Mfupa utikiswe ufunguke? Baba Muthoki, mgonjwa ni wa kulala!" Munyao akiinua hata kisigino, kelele zinafika mtaa wa Starehe. Nyumba yenyewe chumba kimoja, na wageni wa kanisa wamejaa na supu zao, kila mmoja na pole yake. Ajinyooshe saa ngapi, maskini?

Aliyemwokoa ni Mzee Wathome wa kanisa lao, ambaye hajawahi kuomba kwa dakika mbili. Akishasema "Tufumbe macho," huanzia kwa Adamu, akazunguka Ukambani kote, ndipo amkumbuke mgonjwa. Macho yote yamefumbwa. Munyao akainua mguu. Moja... mbili... Tangu siku hiyo akawa mcha Mungu wa kupindukia. "Mzee, usiniache hivi hivi," alimsihi asubuhi na jioni. "Waombee hata ng'ombe wako."

Wiki ya sita, jirani yao Mama Waruguru, ambaye hufumba jicho moja tu, aliona plasta ikielea juu ya blanketi. "Muujiza! Mguu umeinuka wenyewe!" Vigelegele vikalipuka. Munyao angesema nini? Alisema amina.

Wiki ya nane plasta ikatolewa, paja likaonekana thabiti. Ndunge akamlaza tena mpaka Jumamosi ya harusi, asije akauharibu muujiza.

Kanisa lilifurika. Munyao alimshika Muthoki mkono, akatanguliza mguu wa kulia: imara. Akakanyaga wa kushoto: lo, ukatetemeka, goti likataka kukunjika! Wiki zote zile hakuwa ameuinua hata mara moja. Mguu mzima dawa ya nini, alikuwa akijiambia.

"Baba, kwani ulivunjika upi?" Muthoki alinong'ona, akimkaza mkono.

"Nyamaza, tembea."

Wakafika, mguu uliovunjika ukiukokota ule mzima. Munyao alipoketi, alijifuta machozi ya furaha.

"Tufumbe macho," akasema Mzee Wathome.

Munyao akauinua wa kushoto polepole. Moja... mbili...

"Fikisha kumi, Baba Muthoki," Ndunge akanong'ona kando yake, jicho moja tu amefumba. "Siku zote hizo nilikuwa nahesabu wa kulia tu."