Kombe la Kufungua, Kombe la Kupoza

Juzi nilirudi Kasongo na binti yangu. Mtoto alilia kuona kuku akichinjwa, na jirani yetu wa zamani, sasa bibi kizee, akatikisa kichwa: "Huyu iko na akili ya kupita, kama yaya wako. Mumuandikie kombe mapema." Wee! Damu ilinichemka palepale.

Yaya ni dada yangu mkubwa. Alipokuwa mdogo, bibi yetu alimpeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, akanywa kombe hilo, ili kichwa kifunguke. Kikafunguka kweli! Shuleni hakuna aliyempita. Siku moja tunatwanga mpunga uani, harufu ya sombe, majani ya muhogo, na mawese inatoka jikoni, yaya akauliza mbona mtoto wa jirani huyuhuyu anapumua kwa shida vile. Wakubwa wakasema ni kikohozi tu. Yaya akalia kutwa nzima, hakula. Wiki ileile mtoto akafa, na yaya akazidi kulia.

"Akili nyingi huondoa maarifa," bibi akasema, na wote wakaitikia kama wako kwenye dua. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza: mama, unalia nini? Wakamrudisha kwa mwalimu yuleyule, safari hii kombe la kupoza kichwa. Na maandiko sina ugomvi hata kidogo. Ugomvi wangu ni na watu wanaoomba mtoto afunguke macho, kisha wanakasirika akiona! Wakamtoa shuleni, wakampeleka kwa mjomba kule Kabambare, akaamie ndege kwenye shamba la mpunga.

Akafukuza ndege, akanyamaza. Bibi akamshukuru Mungu, akapika wali na samaki wa Nyangwe, akagawia mtaa mzima. Nami nilikula nikashiba. Leo naona tulikuwa tunakula matanga.

Kinu chetu kipo bado uani. Maswali ya yaya ndiyo hayapo. Basi juzi hiyo nikapanda pikipiki na binti yangu mpaka Kabambare, barabara mbovu ajabu, nikamkuta yaya anachambua mboga. Nikamweleza maneno ya jirani, nikifoka. Yaya alimvuta mtoto karibu, akamuuliza, "Mama, kuku yule ulimulilia nini?"

Binti akaeleza, akaeleza tena, wala hakukatizwa. Alipomaliza, yaya akanigeukia.

"Mimi walisema nimepona," akasema. "Kumbe nilinyamaza tu."