Kompyuta Iliyosahau Spidi Yake

Yule fundi wa Malaba nilimtukana mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwa simu, nikiwa nimepiga magoti sakafuni mbele ya kompyuta niliyoiunganisha kwa mikono yangu mwenyewe, vipande vyote nimevitoa kwake. Zile ram, vibao vya kumbukumbu ya mashine, zilikuwa na stika ya spidi inayosema elfu tatu mia mbili. Nawasha mashine, naitazama inakwenda spidi gani, inanionyesha elfu mbili mia nne. Ala! Nikampigia hapo hapo. Nikamwambia kubandika stika ya uongo ni wizi, na mimi si mjinga wa kubebwa hivyo.

"Nyabo, tulia," akasema. Huyo mtu ameuza sana upande wa pili wa mpaka, na kwake kila mwanamke ni nyabo. "Ram ni nzima. Bodi ikianza inaziendesha polepole, haitaki kujaribu bahati. Zima, washa tena, ingia kwa setingi kabla haijafunguka, utaona mahali pa profaili ya spidi. Washa hiyo profaili. Wewe ndiye wa kuiambia."

Sasa hebu niambiwe, kwa nini niiambie mimi? Kiatu kikiandikwa namba saba unavaa saba, huanzi na sita halafu ukaomba ruhusa ya kuongeza. Lakini niliingia kwa setingi, nikaitafuta hiyo profaili, nikaiwasha, nikahifadhi. Skrini ikawa nyeusi muda wa kutosha kunitoa jasho, kisha ikarudi. Elfu tatu mia mbili. Sikumwomba fundi msamaha.

Na sikuwa nataka spidi ya kujionyesha. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na matanga, kutoka Malaba mpaka Sigalame, na mashine yangu haina kadi yake ya picha. Picha zote zinabebwa na ram hiyo hiyo, kwa hivyo ram ikizembea, kila kitu kinazembea. Safari hii video haikuwa ya mteja. Jumamosi ilikuwa misa ya kumbukumbu ya baba yangu nyumbani Mundika, mwaka mmoja tangu tumzike, na ukoo mzima ulikuwa unakuja kuona filamu niliyoahidi. Mama, ambaye tangu mazishi anakaa nami hapa Burumba, aliniomba kitu kimoja tu. Alitaka kumsikia baba akicheka.

Baba alikuwa na sukari. Mama naye anayo. Baba tulimnunulia kamashine ka kupima sukari, akakakataa kabisa. Alikuwa anajidunga dawa kwa kukisia: leo nimekula ugali mwingi, wacha niongeze, leo nasikia mwili mwepesi, wacha nipunguze. Tulimsihi, tukamgombeza, wapi! Asubuhi moja alikisia vibaya, akakaa kwenye kiti chake kungoja chai, na hakuamka. Hilo bado linanichoma. Mtu mwenye akili zake, na mashine iko kabatini.

Kicheko kizuri kuliko vyote nilichokuwa nacho kilitokana na hako kamashine. Niliwahi kumrekodi kwa simu akikapungia mbele ya kamera. "Haka kadude ndiko kataniambia mimi nimekula nini?" Kisha anacheka mpaka kofia inaanguka, na kamashine kenyewe kanamponyoka, kifuniko cha nyuma kinaruka. Baada ya mazishi mama alikaokota, akakabandika selotepu mahali pa kifuniko, akaanza kujipimia. Anapima kila asubuhi chumbani mwake, mlango umefungwa. Ukimuuliza imesoma ngapi, anasema, "Ni sawa." Ikiwa nzuri ni sawa, ikiwa mbaya ni sawa. Mtoto wake wa kumzaa, na siambiwi!

Siku iliyofuata ile ya kuwasha profaili, niliwasha mashine nimalizie kazi. Kwanza ikanisimamisha, ikataka nibonyeze kitufe ndipo iendelee, na saa yake ilikuwa imerudi miaka ya nyuma huko. Nikafungua ile video. Baba akainua mkono, mkono ukakwama hewani. Mdomo ukafunguka, sauti haipo. Kicheko kikafika baadaye, mdomo ukiwa umeshafungwa. Baba yangu hakuwa mtu wa kigugumizi, na kumwona amefanywa hivyo na kipande cha bodi kulinikera kuliko nilivyotarajia. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Akageuka, akaenda jikoni.

Nikatazama spidi. Elfu mbili mia nne.

Nikaingia tena kwa setingi, nikawasha profaili, baba akacheka vizuri. Kesho yake ikawa yale yale: saa imerudi nyuma, profaili imezimika, baba anakwama. Kila siku naifundisha mashine kitu kimoja, na kila siku inaamka haijui lolote. Nilimpigia fundi, sauti yangu ikasikika mpaka kwa jirani.

"Huwa unazima kwa ukuta?" akauliza.

Ndiyo, inazimwa. Mvua yetu ya jioni inakuja na radi zisizo na mzaha, na mama wingu likiinama tu huzunguka nyumba akizima soketi zote. Hilo siwezi kumlaumu.

"Basi ukizima kwa ukuta, kinachokumbuka setingi ni ile betri ndogo ya duara kwenye bodi. Angalia kama iko."

Betri hiyo nilikuwa naijua. Nilipokuwa naunganisha ilikuwa juu ya meza, inang'aa kama sarafu, na mama aliniuliza ni ya nini. Nilimwambia ni ya kukumbuka saa tu, haina kazi kubwa. Nikainama. Kasha la mashine huwa naliacha wazi ubavuni kwa sababu ya joto. "Iko!" nikasema. "Iko mahali pake, usinizungushe!"

"Iko na nukta nyekundu?"

"Nukta gani?"

"Mimi kila betri natia nukta ya kalamu nyekundu, watu wasinirudishie takataka wakisema ni yangu."

Haikuwa na nukta. "Basi hiyo si yangu, nyabo," akasema, kwa upole ule wa kumfanya mtu atupe simu.

Nikaichomoa ile betri, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaenda nayo Malaba. Kibanda chake kiko kando ya foleni ya malori, na madereva wanaongoja kuvuka hawana kazi ila kutazama watu. Siku hiyo niliwapa cha kutazama. Nilimwita mwongo. Nilimwambia amenipa betri mfu halafu akatunga hadithi ya kalamu. Yeye akaigusisha na kipimo chake, akanionyesha sindano ya kipimo ikisitasita. "Imeisha hii. Imefanya kazi mahali pengine mpaka ikachoka." Akafungua kopo, akanionyesha betri zake, zote na nukta nyekundu. "Chukua moja uende."

"Sichukui kitu kwa mwizi!" nikasema. Dereva mmoja akapiga makofi. Nikaondoka nimeinua kichwa, na betri mfu mkononi, na Jumamosi inakuja.

Nilimkuta mama sebuleni, mlango wazi safari hii, maana hakutarajia nirudi mapema. Alikuwa amemaliza kujipima. Kamashine kalikuwa juu ya stuli, kamelala kifudifudi, na chini ya ile selotepu betri ilikuwa inaonekana. Ilikuwa na nukta nyekundu.

Nilikasogelea, nikakanyooshea kidole.

"Mama," nikasema. "Hiyo betri umetoa wapi?"

Akakatazama, akanitazama. "Si wewe ulisema haina kazi kubwa?"

"Mama! Nimetoka Malaba sasa hivi! Nimemwita mtu mwizi mbele ya malori yote!"

"Sikujua umeenda kwa ajili ya hiyo."

"Kwa nini usiseme yako imeisha? Mdomo si unao? Ningeshuka tu hapo town, ningekuletea hata tano!" Nilikuwa napiga kelele, nakubali, na machozi yamefika karibu. Wiki nzima nimehangaika, nimetukana, nimeona baba amekatwakatwa kila asubuhi, na aliyefanya hayo yuko chumba cha pili akiniambia ni sawa, ni sawa.

Mama akavuta leso yake mabegani. Duka la dawa, akasema, walikatazama kamashine kake wakamwambia kamekufa, anunue kengine. Hawakufungua hata nyuma. Alipokuja nyumbani akakumbuka kile kisarafu alichoona mezani kwangu, akakilinganisha na betri ya kamashine, zikafanana. Akaweka yake kwangu na yangu kwake. Mashine yangu ikawaka, akaona hakuna aliyeumia.

"Lakini Mama, ulikuwa unaona video inakwama. Ulisimama hapa hapa ukaona."

"Niliona." Sauti yake ikapanda, na mama yangu si mtu wa kupandisha sauti. "Hiyo yako ikisahau unaikumbusha. Mimi ningefanya nini? Nikae kwa kiti nikikisia, kama yeye?"

Hasira ilikuwa bado imenijaa, kwa watu wa duka la dawa wasioweza kufungua kifuniko, kwa fundi na kalamu yake, kwa mama na siri zake, na zaidi ya wote kwa baba, anayecheka vizuri hivyo huku amekashika kamashine mkononi. Nilirudisha betri mfu kwenye bodi. Nikaingia kwa setingi, nikawasha profaili. Kisha nikabandika selotepu juu ya swichi ya ukutani na kumwambia mama kwamba hata radi ikae kitandani mwangu, hiyo haizimwi mpaka Jumamosi ipite.

"Ikiungua?"

"Iungue!"

Nikampigia fundi. "Nyabo, kuna tusi ulisahau?" akauliza. Nikamwomba radhi kwa shingo upande, nikamwambia aniwekee betri mbili zenye nukta. Akacheka sana, hakuwa na haja ya kucheka hivyo.

Asubuhi nilikuwa mezani kabla chai haijachemka. Nilifungua video. Baba akakainua kamashine, akauliza swali lake, akacheka, kofia ikaanguka, na hakuna mahali alipokwama. Nikasikia mlango wa chumba cha mama ukifunguka.

"Saba nukta mbili!" akaita.

Sikuelewa mara moja, kwa kuwa sikuwahi kuisikia namba yake ya sukari. Nikageuka kwenye skrini nikatazama yangu, ya spidi.

"Elfu tatu mia mbili, Mama!" nikamjibu, na nikamrudisha baba mwanzo ili acheke mama akisikia.