Mkaguzi wa Nyimbo na Saba Mara Nane

Saa mbili kasoro asubuhi, baridi ya Julai ya Dedza, Malawi, inang'ata masikio. Lameki Longwe anazima pikipiki mita mia mbili kabla ya kufika Shule ya Msingi Nkhundadzuwa, kisha anaisukuma kwa mikono. Anataka kusikia kabla hajaonekana.

Ng'ambo ya ua wa mabua watoto wanaimba. Anasogea hatua tatu, kofia yake ya buluu inachomoza juu ya ua, na wimbo unakatika kama redio iliyoishiwa betri.

“Umeona?” ananiambia. “Hata leo nilipoalikwa! Miaka kumi na tisa ndiyo hivi. Nikifika, watu wanafunga midomo. Hata mchawi anakaribishwa vizuri kuliko mimi.”

Longwe, mwenye umri wa miaka 59, ni mkaguzi wa hakimiliki za muziki. Ana shule 140 na pikipiki moja. Kazi yake ni kuwaeleza walimu kwamba shule ikitoza kiingilio kwenye tamasha, au ikirekodi kwaya na kuuza, lazima iombe kibali kwa mwenye wimbo. Mwalimu anayeimba na watoto darasani ili wajifunze haombi kibali kwa mtu. Hilo la pili amelisema mpaka koo limemkauka, lakini watu husikia neno moja tu: faini.

Haya, kila kazi ina lawama zake. Kinachomuuma Longwe ni kingine.

Mkewe, Enelesi, alifundisha darasa la tatu hapa Nkhundadzuwa mpaka alipofariki miaka miwili iliyopita. Watoto waliiogopa saba kuliko fimbo, basi akawatungia wimbo wa kuzidisha kwa saba. Ukifika saba mara nane, anayeongoza huimba kwa makusudi “hamsini na tano!” na darasa zima humrukia: “Mwalimu, umekosea!” Wimbo ukaenea bonde zima. Sauti ya Enelesi mwenyewe haikurekodiwa hata mara moja.

“Aliuimba akimenya viazi,” anasema Longwe. “Nami namwambia, mama, punguza kelele, naandika ripoti. Ripoti! Nani anazisoma?”

Jumatatu ijayo anastaafu. Na kwa kuwa huku mwanamume ndiye huhamia kwa mkewe, akifiwa hana tena kibaraza cha kukalia. Anarudi kwao Nkhata Bay, mbali kaskazini, ambako wimbo huo hakuna anayeujua. Alitaka kuusikia mara moja kabla hajaondoka, basi.

Mwezi wa tano alijipa moyo akamwendea mwalimu mkuu, Mama Zelifa Kamtedza, akamwambia kuwa ule wimbo wa saba ni wa marehemu mke wake. Masikini, alidhani anafungua mlango.

“Nilijishika kichwa,” anasimulia Mama Kamtedza, akicheka kwa aibu. “Nikasema, Mungu wangu, kumbe wimbo una mwenyewe, na mwenyewe ndiye mkaguzi! Siku ile ile nikaupiga marufuku. Nikawatumia na wenzangu ujumbe: jamani, msiuimbe, mtatozwa.”

Ndani ya wiki moja shule kumi na moja ziliacha kuuimba. Longwe alikuwa ameuua kwa mdomo wake mwenyewe.

Ikabidi afanye alichowafanyisha wengine miaka yote, ajaze fomu. Kisheria yeye ndiye mrithi. Lakini Mama Kamtedza hakuridhika na sahihi moja, kwani huku mali ya mwanamke husemewa na kaka yake. Longwe akaenda kwa Galanti, kaka wa marehemu, akamkuta anapakia viazi kwenye magunia.

“Shemeji, nyumba tumekwambia uache, mbuzi tumekwambia uache,” Galanti alimtania. “Sasa unataka na wimbo?”

“Siuchukui. Nataka uimbwe.”

Galanti aliacha gunia. “Lete kalamu. Ila siku ya kuimbwa uniite. Na mimi namkumbuka dada yangu.”

Leo shule inafungwa kwa likizo. Wazazi wamekaa kwenye nyasi, Galanti yumo. Mama Kamtedza anasoma kibali chenye sahihi mbili: shule yoyote iuimbe, darasani na uwanjani, bila malipo, siku zote.

“Na tukiwatunza watoto wetu noti, bwana mkaguzi,” mama mmoja anapaza sauti kutoka nyuma, “hiyo nayo mnatoza?”

“Tunza, mama, pesa ni yako!” anajibu Longwe. Watu wanacheka.

Tamanda, msichana wa darasa la tatu, anatoka mbele kuongoza. Longwe anavua kofia. Saba mara moja, saba mara mbili. Midomo yake inafuata. Saba mara saba, arobaini na tisa. Anafumba macho.

“Saba mara nane,” anaimba Tamanda, akimtupia mkaguzi jicho la woga, “hamsini na sita.”

Wimbo unaendelea, safi, hauna kosa hata moja. Nani angethubutu kukosea mbele ya mkaguzi? Watoto walikanywa tangu juzi.

Uso wa Longwe unasawijika. Nadhani ataondoka. Lakini anasimama, mtu mzima, sauti ya kukwaruza, na kuimba peke yake: “Saba mara nane… hamsini na tano!”

Tamanda anamtazama Mama Kamtedza. Anayeshindwa kujizuia ni Galanti, na baada yake watoto, na mama zao waliopita darasa hilo hilo:

“Mwalimu, umekosea!”

Wanawake wanainuka na noti, wanamtunza yeye. Longwe analia waziwazi, na wala hajifuti.

Baadaye, akifunga kabrasha lake nyuma ya pikipiki, ananieleza mpango wake. Dada yake ana wajukuu wanne kule Nkhata Bay, ataanza na hao. “Nitawafundisha, nao wafundishe wenzao. Kibali si ninacho?”

Anavaa kofia, kisha anaivua tena.

“Nyumbani aliniambia hivyo kila siku. Umekosea, baba, umekosea. Tangu afariki, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniambia.”