Radhi Niliyompa Muuza Magari

Mie sikununua gari kwa maringo. Watu wa Junda walisema, na nawaseme: ati mke wa mgonjwa kauza kiwanja cha urithi apate kuzungusha usukani. Mume wangu figo zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki ilibidi avuke daraja la Nyali kwenda hospitali kisiwani kusafishwa damu, na tuktuk ilikuwa ikimrudisha nyumbani kama nguo iliyokamuliwa. Nikajifunza kuendesha nikiwa na miaka hamsini na mbili. Mwalimu wa udereva alinicheka, nami nikamcheka nilipopasi.

Muuzaji alikuwa mtu wetu, na hapo ndipo nilipopotea. Yadi yake ya magari yaliyotumika iko kando ya barabara, na msikiti anamoswali ndimo alimokuwa akiswali mume wangu. Angekuwa mgeni ningekwenda na fundi, ningelala chini ya gari nikachungulia mwenyewe. Kwake yeye niliona haya. Utamkaguaje mtu anayekuulizia hali ya mgonjwa kila Ijumaa? Nikatia saini karatasi iliyosema nimeliona gari na nimelikubali lilivyo. Nilinunua mbuzi kwenye gunia, na gunia nikalishika mwenyewe.

Wiki tatu lilitembea, wallahi lilitembea. Mume wangu alikaa mbele, kiti kimelazwa, akinikosoa kila kona. Nilimwambia nikimsikia tena nitamshusha Kongowea amalizie kwa miguu. Zilikuwa siku njema zile.

Ndipo muuzaji akaja kuaga. Alikuwa anakwenda Hija, na kwetu mtu haendi Hija kabla hajazunguka kwa jamaa na majirani kuomba radhi. Alikuja na wazee wawili wa msikiti, akakaa barazani, akamshika mume wangu mkono, machozi yakamtoka. Kisha akanigeukia mimi.

"Dada yangu, niwie radhi, kwa ninalolijua na nisilolijua."

Ulimi hauna mfupa. Nikamjibu, "Nimekuwia radhi, dunia na akhera," nikamsihi amtaje mume wangu kwenye dua zake huko Arafa. Hata mahamri ya njiani nilimfungia.

Siku ya nne baada ya kuagana gari likafa darajani, saa saba mchana, tukitoka hospitali. Moshi ulifumka mbele ghafla, na hakuna taa hata moja iliyowaka kunionya. Mume wangu alikaa ukingoni kwenye jua kali, mkono umefungwa bendeji, nami nikimpepea kwa khanga. Tuktuk zilipita zimejaa. Aliponitazama nilitazama kando.

Fundi wa Kisauni aliifungua injini, akaniita nione kwa macho yangu. Ilikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi ya chuma, ukapakwa rangi juu. Waya wa taa ya joto ulikuwa umekatwa na kufungwa utepe vizuri, ili taa isiwake.

"Mama, hii si bahati mbaya," akasema. "Aliyefanya hivi alijua."

Nilimpigia muuzaji simu, kumbe keshasafiri. Nduguye aliyeachiwa yadi akaniambia nikaisome tena karatasi niliyotia saini.

Nikaenda ofisi ya msaada wa sheria. Afisa alikuwa mwanamke wa bara, sauti kavu, hana mzaha. Aliisoma ile karatasi mara mbili, akaniambia kuwa hilo neno "lilivyo" halimkingi muuzaji aliyeficha ubovu anaoujua. Nilikuwa na haki ya kudai nirudishiwe nilichotoa. Fundi aandike alichokiona atie saini, na gari lisiguswe na mtu. Nikamweleza na habari ya radhi, maana ilikuwa ikinikereketa moyoni. Akanikodolea macho.

"Mama, hiyo haiko kwa sheria. Wewe leta ripoti tufungue kesi."

Nilirudi nyumbani nusura niruke. Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hutafungua kesi."

"Lo! Kwa nini?"

"Umeshamsamehe mbele ya watu."

"Nilisamehe maneno ya barazani, sikusamehe injini!"

"Sikusikia ukiitoa injini." Alitabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Mie niko karibu na safari yangu, mke wangu. Sitaki nyumba yangu iwe inatoa radhi mchana na kuidai jioni."

Nilikasirika nikavunja kikombe, na sisemi kiliniponyoka. Nilimwona mkaidi, nilimwona ananiua na yeye mwenyewe anajiua. Lakini mume ni mume. Ripoti ya fundi niliitia kabatini chini ya khanga, tukarudi kwenye tuktuk. Mashimo ya Junda mwayajua. Alikuwa akitapika kwenda na kurudi, na baadaye akaanza kusema, "Leo niache nipumzike." Siku moja ya kukosa ikawa mbili. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Gari lilikaa mlangoni, kuku wakitaga chini yake, na kila nilipolipita nilimlaani mtu aliyekuwa Makka akitufu.

Asubuhi moja nilimvalisha viatu kwa nguvu. Leo twenda, nikamwambia, utake usitake. Nilikuwa nimepiga magoti kufunga kamba alipoweka mkono kichwani pangu.

"Mke wangu, niwie radhi. Kwa ninalolijua na nisilolijua."

Mume na mke huambiana hivyo, na jibu lake nalijua tangu ni mwari. Lakini maneno yale yalikuwa yamekwisha kuniunguza mara moja, na siku hiyo nilikuwa na hasira na kila mtu, yeye wa kwanza.

"Radhi zangu zimekwenda Makka na muuza magari," nikamwambia. "Ngoja zirudi."

Alicheka, masikini, akijishika ubavu. Kwenye tuktuk aliniegemea begani. Nilidhani amelala. Nilikuwa nikimgombeza dereva kwa ajili ya mashimo mpaka tukafika, na muuguzi akamgusa shingo.

Eda ilipokwisha nilifungua kesi. Fundi alitoa ushahidi wake vizuri, na ile ripoti ikasomwa yote. Muuzaji alisimama na kofia yake mpya, alhaji kamili, wala hakubisha sana habari ya injini. Alisema tu, "Mheshimiwa, huyu mama alinisamehe mbele ya mashahidi."

Hakimu akaniuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," nikasema. "Yeye nilimsamehe. Mume wangu ndiye ambaye sikumsamehe."

Hakimu akaniambia nijibu yanayohusu gari tu.