Hatua Elfu Kumi za Fundi Cherehani

Kila Jumamosi asubuhi, fundi cherehani wa mtaa wa Kadutu hupanda kilima kwa viatu vyeupe vya michezo na suruali iliyopigwa pasi, utepe wa kupimia nguo bado unaning'inia shingoni. Hatazami ziwa wala migomba. Hutazama saa ya mkononi inayohesabu hatua. Daktari alitaka elfu kumi kwa ajili ya sukari yake, na bintiye aliye Kinshasa huzisoma kwenye simu. Zikipungua tena, ameapa, atakuja kumhamishia kwake, kwenye joto lile. Kwa hiyo hata akisimama kusalimia watu, miguu ya fundi hukanyaga palepale kana kwamba iko kwenye cherehani.

Jumamosi iliyopita, kule juu, harufu ya mahindi aliyokuwa akichoma muuzaji, Maman Rosette, ilimshinda. Alivua saa, akaifunga kwenye mguu wa mbuzi wa mama huyo, akaketi.

"Papa, sasa mbuzi ndiyo iko na sukari?"

"Iache itembee kidogo, maman. Mimi niko nakula."

Alikula mahindi mawili, akalitazama ziwa lote mpaka kisiwa cha Idjwi. Alipogeuka, mbuzi alikuwa amelala nyuma yake, akitafuna maganda, saa ikilia kumhimiza ainuke.

"Maman," fundi akauliza, "kule Kinshasa, mahindi banachomaka?"