Bonyeza Kitufe Chochote

Mpiga picha wa mtaa ule walimwita Dada Flashi. Studio yake ilikuwa chumba kimoja tu: pazia jeupe, kigoda, taa mbili, na kompyuta kuukuu iliyobeba sura za mtaa mzima.

Kompyuta hiyo ilianza kumletea kero. Kila akiiwasha asubuhi, kioo kinakuwa cheusi na maandishi yanatokea: diski inataka kukaguliwa, asiyetaka, abonyeze kitufe chochote. Ukaguzi wenyewe ulikwenda mwendo wa kobe, na wateja wa picha za pasipoti walishajaa mlangoni. Dada Flashi akawa anabonyeza tu, huku mkono wa pili ukivuta pazia.

"Shemeji, iache imalize," mume wa dada yake, fundi wa kompyuta, alimwonya. "Haikuombi hivyo bure."

"Jumapili, shemeji. Leo nimebanwa."

Jumapili zilimkuta hoi kitandani.

Siku moja mashine ikagoma, ikikwaruza kama kijiko kwenye sufuria tupu. Alikuwa bado anaichomoa nyaya ampelekee shemeji yake, mara akaingia jirani yake mshonaji, khanga kichwani, macho yamevimba. Binti yake alikuwa amefariki hospitalini, na simu yenye picha zake iliibwa hukohuko.

"Ile uliyompiga ya mahafali, mwanangu. Nitolee kubwa, ya kutangulia jeneza."

Dada Flashi aliziachia nyaya. Angeweza kusingizia umeme.

"Mama, diski imeharibika. Ilikuwa inaniomba niikague kila siku, mimi nikawa naruka."

Mshonaji hakufoka. Aliketi kwenye kigoda, mahali alipoketi bintiye.

"Sasa watu watamwona wapi?"

Fundi alihangaika nayo hadi kesho yake, akaopoa picha chache. Ya binti ilitoka nusu: paji la uso, macho, pua. Kuanzia mdomoni kushuka chini, kijivu kitupu.

"Tukate hapa chini?" fundi aliuliza.

"Usimkate," mshonaji alisema. "Ichapeni hivyohivyo."

Makaburini, picha ile ilitangulia mbele. Watu walinong'onezana nani kafanya kazi mbovu kiasi kile, kisha vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja. Dada Flashi alisimama nyuma, mikono mitupu, uso unawaka. Hakuondoka mpaka udongo ulipofunika jeneza.